Vyungu vya Kigongo na Mapaa ya Rangi ya Chungwa

Hotuba kwa mkutano wa mama lishe, baba lishe, wenye migahawa na wanafunzi wa upishi, Kirumba, Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, mama zangu, baba zangu, wapishi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma: mwangaluka!

Nashukuru kwa kuitikia. Nashukuru pia kwa mada mliyonipa, migahawa iliyovuma zamani na sasa haipo. Ni mada inayonigusa, maana riziki yangu yote nimeipata kwa kuhudumia meza: kwanza melini, kisha kwenye behewa la chakula la treni. Tangu ujana wangu mpaka nastaafu nimewalisha watu wakiwa safarini. Ndiyo maana nitawaomba leo tuitazame migahawa kwa jicho la msafiri. Mgahawa wa njiani huzaliwa na njia. Njia ikihama, mwenye mgahawa anabaki na masufuria yake, mwiko wake na ujuzi wake, na wateja hawapo. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitawaonyesha lilivyotokea kwa wenzetu, kisha lilivyotokea kwetu.

Kwa wenzetu nitaanza na Marekani. Mwaka 1925 bwana mmoja, Howard Deering Johnson, alichukua duka dogo la dawa huko Wollaston, mtaa wa mji wa Quincy katika jimbo la Massachusetts. Duka lile liliuza pia magazeti, soda na aiskrimu. Akaona kwamba aiskrimu ndiyo inayoleta watu, akaishughulikia: akaongeza mafuta ya maziwa mpaka ikawa nzito na tamu kuliko ya majirani, kisha akaongeza ladha moja moja mpaka zikafika 28. Mwaka 1935, kule Orleans kwenye rasi ya Cape Cod, alimruhusu mtu mwingine afungue mgahawa kwa jina la Howard Johnson's. Jengo lilikuwa la yule mtu. Jina, masharti na chakula vilitoka kwa Johnson. Hapo ndipo msururu ulipoanza kurefuka.

Migahawa ile iliezekwa mapaa ya rangi ya chungwa. Nawaomba wenye hoteli mlifikirie hilo. Paa la chungwa dereva analiona akiwa mbali, anapata muda wa kupunguza mwendo na kukata kona. Mzazi aliyebeba watoto wenye njaa ndani ya gari akiliona paa lile, anajua choo ni kisafi, bei anaifahamu, na kombe za baharini za kukaanga ni zile zile alizokula jana katika jimbo jingine. Barabara kuu ya kulipia ya Pennsylvania ilipofunguliwa mwaka 1940, haki ya kulisha wasafiri wake alipewa Johnson. Gari likisimama kula, limesimama kwake.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Petroli ikawa ya mgawo, watu wakaacha kusafiri, na kufikia mwaka 1944 migahawa iliyobaki wazi ilikuwa 12 tu. Wapishi hawakuwa wamesahau kupika, wala aiskrimu haikuwa imepoteza utamu wake. Magari ndiyo yaliyosimama. Vita ilipokwisha, magari yakarudi barabarani na mapaa ya chungwa yakarudi nayo, hata miaka ya 1970 migahawa ikawa zaidi ya 1,000.

Vijana mnaosomea upishi, hapa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1960 kulikuwa na mpishi kijana kutoka Ufaransa, Jacques Pépin, ambaye kwao alikuwa amempikia hadi kiongozi wa nchi, Charles de Gaulle. Alipata nafasi ya kwenda kupika Ikulu ya Marekani, kwa familia ya Kennedy. Akachagua Howard Johnson's, pamoja na Mfaransa mwenzake Pierre Franey. Walichofanya kule ni kuondoa majarini na kuweka siagi halisi, kuondoa vitunguu vya kukausha na kuweka vitunguu vibichi, kisha kupika kwa sufuria kubwa chakula cha kugandishwa na kusambazwa kwa madereva wa malori, wauza vitabu na akina mama wenye watoto. Mimi namheshimu Pépin kwa uamuzi ule kuliko kwa tuzo zozote alizopata baadaye. Kumpikia mtu mkubwa mmoja ni heshima. Kuwapikia wasafiri maelfu, kila sahani iwe na siagi ile ile, ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo kazi yenu ninyi mlio mbele yangu.

Kufa kwa msururu ule hakukuwa kwa siku moja. Mafuta ya magari yalipanda bei mwaka 1973, safari zikapungua. Migahawa mipya ya kula chapuchapu ikajaa kando ya barabara zile zile. Mwishoni mwa miaka ya 1970 familia ikaiuza kampuni kwa Imperial Group ya Uingereza, na mwaka 1985 ikauzwa tena kwa Marriott, ikakatwa vipande: hoteli za kulala zikaenda huku, migahawa ikaenda kule. Mgahawa wa mwisho, ule wa Lake George katika jimbo la New York, ulifungwa mwaka 2022. Leo watu wazima wa Marekani wanauliza walipo wahudumu wa Howard Johnson's, wanatafuta sahani zake, menyu zake, picha za paa lake. Ukiwasikiliza, habari ya aiskrimu inachukua dakika moja, halafu wanaanza kuzungumzia baba aliyekuwa anaendesha gari, mama aliyekuwa na ramani mapajani, na ndugu waliogombania kukaa dirishani. Walikula pale wakiwa safarini pamoja, na safari hiyo hairudi.

Nitaje miwili mingine kwa haraka. Kampuni ya Horn & Hardart ilifungua Philadelphia mwaka 1902, na New York mwaka 1912, migahawa ambayo chakula kilipangwa ukutani ndani ya vijumba vya kioo. Unaingiza sarafu, unazungusha kitasa, kijimlango kinafunguka, unachukua sahani yako. Tajiri na mfagizi walikaa meza moja. Kahawa ilikuwa senti 5, na ikabaki senti 5 mpaka mwaka 1950. Bei za vitu vyote zilikuwa zimepanda, lakini mashine zilijengwa kwa sarafu ya senti 5, na kati ya senti 5 na senti 10 hakuna sarafu nyingine. Walipopandisha, ilibidi bei iwe mara mbili kwa mkupuo. Mteja aliyezoea miaka yote akaona amegeukwa. Wa mwisho ulifungwa New York mwaka 1991. Wenye hoteli wa Mwanza ambao mnang'ang'ania bei ya sahani ya wali isibadilike huku mkaa, mafuta na mchele vinapanda, kisha siku moja mnaruka juu kwa elfu nzima, jambo hili lipo mlangoni kwenu pia.

Na wazee wetu waliofanya kazi reli za Afrika Mashariki wanakumbuka Wimpy ya Nairobi na ya Mombasa. Jina lile lilianzia Bloomington, jimbo la Indiana, mwaka 1934, kwa mkono wa Edward Gold. Kampuni ya Lyons ya Uingereza ikachukua kibali ikafungua London mwaka 1954, na miaka ya 1970 Wimpy ilikuwa imeenea nchi nyingi. Gold alipofariki mwaka 1977, migahawa ya Marekani ikafa naye, kwa kuwa hakuna aliyenunua jina. Uingereza ikabaki michache. Lakini nenda Afrika Kusini leo, utaikuta Wimpy kando ya barabara kuu, inapika kifungua kinywa kila asubuhi. Kwao ilikozaliwa imekwisha. Huko kusini, ambako watu bado wanasafiri umbali mrefu kwa gari na wanahitaji pa kusimama, inaishi.

Sasa turudi kwetu, Ziwa Victoria.

Kuna watu wameniambia kwamba sisi hatukuwa na misururu ya migahawa, kwa hiyo hatuna cha kuomboleza. Siwaungi mkono. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Baadaye treni na meli za ziwa hili zote zikawa chini ya mwajiri mmoja, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Aliyekunywa chai kwenye treni ya Mombasa, na aliyekula chakula cha jioni melini akielekea Bukoba, wote walihudumiwa kwa kanuni zile zile na watu waliofundishwa kazi kwa namna ile ile. Huo ulikuwa msururu wetu, na ulikuwa mkubwa kuliko wengi wanavyofikiri: nchi tatu, reli, maziwa na bandari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ukagawanywa, kila nchi ikachukua mabehewa na meli zake. Sisi tukapata MV Victoria, meli iliyokuwa imeanza kazi mwaka 1961.

Niseme kidogo juu ya meza ya meli ile, kwa maana niliijua kwa mikono yangu. Kitambaa cha meza tulikilowesha maji kidogo kabla ya kupanga sahani, ili ziwa likichafuka usiku sahani zisiteleze. Chai hatukujaza kikombe. Tulimimina nusu, tukarudi tena na birika. Supu ilitangulia mapema, kabla meli haijatoka kwenye hifadhi ya visiwa na kukutana na mawimbi ya ziwa lenyewe. Daraja la kwanza walikula kwa uma na kisu. Daraja la tatu, chini, watu walifungua vifurushi vyao: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mihogo, sato wa kukaanga aliyefungwa kwenye gazeti, na mtu wa Bukoba akirudi kwao alikuwa na mkate wa Mwanza mkononi. Nakiri mbele yenu kwa moyo mweupe kwamba harufu nzuri ilikuwa chini.

Halafu tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama, karibu kabisa na kufika Mwanza. Humu ukumbini wamo waliopoteza watu siku ile, nami nawapa pole hata leo. Najua familia ambazo tangu hapo hazikupanda meli tena. Walihamia kwenye mabasi, na mabasi yakawa na njia yake na vyakula vyake. MV Victoria nayo ilisimama mwaka 2014, ikakarabatiwa, ikarudi mwaka 2020. Nilifurahi sana iliporudi. Lakini kwa miaka hiyo sita wahudumu walitawanyika, na aliyejua kwa nini kitambaa kinaloweshwa hakuwepo wa kumwambia aliyeajiriwa upya.

Na huu ndio moyo wa hotuba yangu: Kigongo na Busisi, gati mbili za kivuko zinazotazamana ng'ambo ya maji.

Wote mnapajua. Basi linatoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita, Chato, Bukoba, linafika Kigongo, linasimama. Mbele kuna foleni ya malori. Kivuko kiko ng'ambo. Abiria wanashuka, wananyoosha miguu, na hapo ndipo jiko lilipokuwa. Sato mzima wa kukaanga na ndimu. Ugali wa muhogo kwa aliye na muda, mahindi ya kuchoma kwa asiye nao. Mayai ya kuchemsha na chumvi ndani ya kikaratasi. Karanga, ndizi, chai ya maziwa ndani ya chupa. Vivuko vilikuja na kubadilishana, MV Sengerema, MV Misungwi, MV Mwanza, na akina mama wale walikuwapo mvua na jua.

Mama mmoja aliyepika pale miaka mingi, na yuko nasi leo, aliniambia kabla sijasimama kwamba samaki wake alikaangwa mara mbili. Mara ya kwanza asubuhi, kwa moto mdogo, aive tu. Mara ya pili kivuko kikiondoka Busisi. Alikitazama majini, akipima kwa macho, na kilipofika sehemu fulani alimrudisha samaki kwenye mafuta yaliyochemka, ili abiria wa kwanza kukanyaga nchi kavu amkute mkavu nje, laini ndani, na wa moto. Mafuta yake, moto wake na macho yake vilifuata mwendo wa chombo kinachovuka maji. Nimefanya kazi na wapishi waliovaa kofia ndefu nyeupe, na sikuona mwenye hesabu nzuri kuliko hiyo.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja likafunguliwa. Kilomita 3 hivi juu ya maji, gari linapita kwa dakika chache. Sina kinyongo na daraja lile hata chembe. Wajawazito waliosubiri kivuko usiku wakiwa na uchungu, wagonjwa waliokuwa wanakimbizwa hospitali ya Bugando, wote tunawajua. Asiyefurahia daraja hakuwahi kusimama pale saa sita usiku na mgonjwa. Lakini furaha hiyo haitulazimishi tukae kimya juu ya waliopoteza soko lao. Basi halisimami tena Kigongo. Abiria wanapita juu, wengine wamelala, na jiko liko kule chini kwenye gati.

Lililompata Johnson mwaka 1944 ni hili hili. Tofauti ni kwamba Johnson alikuwa na kampuni, mawakili, majengo na picha. Marekani imeweza kumkumbuka kwa sababu menyu zilichapishwa, sahani zilikuwa na jina, mapaa yalipigwa picha. Kigongo hapakuwa na menyu ya karatasi. Menyu ilikuwa sauti ya mama akipita chini ya madirisha ya basi akitaja alicho nacho. Wale mama wakizeeka na kutuacha, hakuna mtu atakayeweza kueleza samaki yule alikaangwaje, na mtoto anayezaliwa Busisi mwaka huu atakua akidhani pale palikuwa na maji tu.

Kwa hiyo ninayo maombi, na nayasema kwa uzito wote nilio nao.

La kwanza ni kwa viongozi wa halmashauri mliokubali mwaliko. Waliopika kwenye gati wana ujuzi wa kulisha watu wengi kwa muda mfupi. Watengenezeeni mahali pa kupikia pale magari yanaposimama sasa, penye maji, choo na kivuli, kabla ya kuwagawia nafasi hizo watu ambao hawajawahi kumkaangia msafiri samaki. Na msiwaweke mita mia tano kutoka mabasi yalipo. Msafiri hatembei mita mia tano kutafuta chakula. Dereva anapiga honi.

La pili ni kwa vijana. Reli mpya ya kisasa inajengwa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341. Mnajua treni ya umeme inavyokwenda kwa kasi na kusimama kidogo. Ile ya zamani ilisimama, na kusimama kwake kuliwalisha watu mstari mzima. Fela, Mantare, Bukwimba, Malya, Malampaka, kila stesheni mabeseni yalinyanyuliwa mpaka madirishani. Mbele zaidi ulinunua asali Tabora na ulikula kuku Saranda, na mhudumu wa behewa la chakula kama mimi nilijua kabisa kwamba tukikaribia Saranda meza zangu zitakuwa tupu. Nendeni stesheni hizo sasa, wauzaji wakiwa bado wapo. Simu zenu zinarekodi sauti na zinapiga picha. Ulizeni mambo ya kazi: mchele wa wapi, mafuta gani, moto wa kuni au mkaa, bei ilikuwa ngapi mwaka mtoto wake wa kwanza alipoanza shule. Msiwaulize wanajisikiaje. Waulizeni walipikaje, na hayo mengine watawaambia wenyewe bila kuulizwa.

La tatu ni kwenu mama zangu. Nyumbani kwenu, juu ya kabati au chini ya godoro, kuna daftari za madeni. Kondakta wa basi fulani, sahani mbili za wali samaki. Utingo wa lori, chai na chapati tatu, atalipa akirudi kutoka Geita. Naomba msizichome. Daftari hizo ndizo menyu pekee tuliyo nayo. Zina bei kwa miaka, zina majina ya vyakula, zina misimu, mwezi sato alipoadimika mkaandika sangara au dagaa mahali pake. Mwalimu wa chuo cha upishi aliyeko hapa amekubali wanafunzi wake wazinakili ukurasa kwa ukurasa, bila majina ya wadaiwa, kisha kila daftari lirudi kwa mwenyewe. Watakuwa hapa hapa Kirumba Jumamosi ijayo kuanzia saa tatu asubuhi, na mimi nitakaa nao mezani kuwasaidia kusoma mwandiko. Anayetoka Kigongo au Busisi na hana nauli, aniambie kabla hatujatawanyika.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Ndugu Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.